Aliyeshindwa Hubeba Kreti

Gesine Wolpers alianza kujibu simu ya lugha mjini Hildesheim zama zile simu bado ina waya uliojikunja kama mkia wa nguruwe. Waya ukaondoka, simu ikawa nyepesi, akabaki yeye. Ofisi ilikuwa juu ya duka la miwani na kazi ilikuwa moja tu: mtu yeyote aliyekwama kwenye neno la Kijerumani alipiga, Gesine akamkwamua. Hakuwa profesa. Alikuwa amesomea kuuza vitabu, akauza vitabu, duka likafungwa, akaja hapa.

Wengi walikwama kwenye maneno ya Waingereza. Kijerumani kina milango mitatu ya majina, mfano wa ngeli zetu: wa kiume, wa kike na wa kati, na hakuna jina la kitu linaloruhusiwa kulala nje. Neno lililozaliwa humo linajua kwao. Neno la Kiingereza linafika kama mgeni aliyeshuka stesheni isiyo yake, mabegi mkononi, hajui agonge wapi. Mengine hayakusumbua. Kompyuta iliingia mlango wa kiume, ikavaa mkiani herufi ya kuonyesha umiliki kama neno lolote la Kijerumani, ikakaa, kama kitabu kilivyotujia kutoka kwa Waarabu tukakipa vitabu na hakuna aliyeuliza. Lakini mengine yalisimama barazani miaka na miaka.

Siku moja alipiga mama wa duka la keki, akinong'ona.

"Bibi, keki iko mbele yangu na mteja yuko mbele ya keki. Amejifungua mapacha. Nimewaandika kwa lile neno la Kiingereza la watoto wachanga, beibi, anasema mwisho wake nimekosea."

"Umelimalizaje?"

"Wai, halafu es."

"Hujakosea. Kwa Waingereza ile wai inabadilika. Kwetu haibadiliki."

"Sasa nimwambie nini? Ana wifi yake hapa aliyesoma London."

"Mwambie mtoto akihamia kwetu anavaa nguo za kwetu."

Mama alicheka, akageuka, Gesine akamsikia akilirudia neno kwa neno kwa sauti ya mtu aliyelibuni mwenyewe. Siku kama hizo kazi ilikuwa tamu.

Siku nyingi haikuwa hivyo, kwa sababu ya mkuu wao, Daktari Asendorf, mtu mpole aliyevaa sweta moja majira yote. Sheria yake ilikuwa fupi: hatuamui, tunaeleza. Neno likiwa linatumiwa kwa milango miwili, na kamusi inakubali yote miwili, jibu ni kwamba yote mawili ni sahihi, basi. Gesine alilisema jibu hilo mara nyingi kuliko alivyosema jina lake, na hakuna aliyewahi kushukuru. Mtu hapigi simu kuuliza lugha kwa sababu anatafuta amani. Anapiga kwa sababu kuna mtu amesimama jikoni mwake ambaye mpigaji anataka kumnyamazisha. Ukimwambia wote mko sahihi, umemwachia yule mtu jikoni.

Na pengine jibu lilikuwa limemwingia hadi mifupani. Zamani, kabla nywele hazijabadilika rangi, fundi wa vinanda vya kanisani aitwaye Volkert alimuuliza kama wahamie Bremen pamoja au yeye Volkert abaki hapa Hildesheim. Gesine akafikiri vizuri, akamwambia yote mawili yanawezekana. Volkert akangoja kidogo, huenda kukawa na la kuongeza. Halikuwepo. Akaenda Bremen.

Sheria ya pili ya ofisi ilikuwa ya siri. Aliyepiga haulizwi jina, na simu haikuonyesha namba. Ilionyesha taa ya kijani tu, ikipepesa mtu anapongoja. Ukikata, mtu huyo ameondoka duniani mwako mpaka atakapotaka mwenyewe kurudi.

Waliorudi kuliko wote walikuwa wazee wa meza ya Alhamisi.

Alhamisi ofisi ilifunguliwa hadi jioni, na jioni hiyo hiyo wazee wanne walikuwa na meza yao kwenye baa fulani. Gesine hakuijua ni ipi. Alijua ilikuwa na mhudumu mwenye viatu vya mbao na mlango unaolia. Meza ile ilikuwa yao kiasi kwamba mgeni akiikalia alisimamishwa kwa adabu hata kama baa nzima ilikuwa tupu. Walibishana, na wakibishana juu ya neno walimpigia yeye, simu katikati ya meza, sauti juu.

Aliwajua kwa masikio. Heiner alikohoa kabla ya kusema. Burkhard alicheka kabla mzaha haujafika. Ludolf, fundi bomba mstaafu, ndiye aliyeshika simu siku zote, na alisema kama mtu anayekaza nati. Ecki, aliyekuwa fundi wa paa, alikuwa na sauti ya chini, na neno lake lilikuja la mwisho, wengine wakishachoka.

Meza ilikuwa na desturi yake. Aliyeshindwa ubishi mdogo alilipa mzunguko. Aliyeshindwa ubishi mkubwa, ule wa watu kuitana majina, alinunua kreti ya bia, akaibeba kwa bega lake mwenyewe mpaka nyumbani kwa mshindi, akaishusha mlangoni. Si kwa gari, si kwa toroli. Ikishashuka, mambo yamekwisha, na hakuna mtu kuulizwa alisema nini. Gesine alilijua hilo kwa sababu Burkhard aliwahi kubeba kwa ajili ya neno la Kiingereza la tamasha, na wiki nzima iliyofuata alimlaumu Gesine kwa mgongo wake.

Kisha kikohozi kikakosekana. Hakuna aliyemwambia Gesine chochote, na yeye hakuuliza. Jioni moja tu Ludolf alisema "tuko watatu" badala ya "tuko hapa." Baridi iliyofuata kicheko nacho kikaenda. Gesine alikata simu siku ile akabaki akitazama dirisha la ofisi, mahali ambapo hakuna kitu.

Ndipo ikaja jioni ya kechapu.

"Bibi, habari za jioni. Ni sisi," Ludolf alisema. "Tuko wawili, kwa hiyo hutasikia kelele."

"Nawasikiliza."

"Kechapu. Nimemwomba huyu anipitishie kechapu, nikaisema kwa mlango wa kati kama mtu wa kawaida. Ananiambia ni ya mlango wa kiume. Miaka ile yote juu ya mapaa, jua limempiga."

"Muulize tu," sauti ya Ecki ilisema nyuma. "Usimpake bibi sumu kwanza."

Gesine alikuwa na jibu kabla hawajamaliza. Alitamani neno lingine lolote.

"Yote mawili ni sahihi."

Mlango wa baa ukalia, ukafungwa.

"Yaani?" Ludolf aliuliza.

"Wapo wanaosema hivi, wapo wanaosema vile. Kamusi inakubali."

"Kwa hiyo niko sahihi."

"Kwa hiyo mimi niko sahihi," Ecki alisema.

"Basi lipa."

"Nilipe vipi na niko sahihi? Lipa wewe."

"Mtu aliye sahihi halipi, Ecki. Unajua sheria."

"Ndiyo maana silipi."

Siku za wanne, hapa Burkhard angekwisha kuanguka kwa kicheko na Heiner angekohoa na kuhukumu: lipeni nyote, wapumbavu ninyi. Gesine alikuwa akiingoja sauti hiyo bila kujua kwamba anaingoja. Nao pia, alihisi. Walikuwa mafahali wawili, na zizi lililobaki lilikuwa hilo hilo moja.

"Wewe kila siku lazima ushinde," Ecki alisema, taratibu. "Hata kwenye mazishi ya Burkhard umebishana na mchungaji."

"Mchungaji alikosea."

"Alikosea mwaka wa kuzaliwa. Ungeweza kunyamaza."

"Na wewe ungeweza kusema kitu. Umesimama pale kama bomba la mvua."

Kiti kikasukumwa nyuma kwa nguvu. Kisha kingine. Hakuna aliyekumbuka simu. Viatu vya mbao vikakaribia na mhudumu akauliza, "Mnaenda wote? Na soseji je?" Hakujibiwa. Akainua simu, akasema "haya, halo," akakata.

Alhamisi iliyofuata taa ya kijani ilipepesa kwa watu wengine. Na iliyofuata. Gesine alijibu kiwanda cha rangi, akajibu mwanafunzi, akajibu mume na mke wa Peine waliotaka kujua kompyuta kumi zinaongezewa nini mwishoni. Hazikuongezewa kitu. Wengi wake ni kama umoja wake. Mume alisema "nilikwambia," na mke akasema "hukuniambia," na simu ikakatwa.

Ecki alipiga asubuhi moja ya Jumanne, peke yake. Gesine aliijua sauti kabla ya neno la kwanza kwisha.

"Bibi, mimi ni yule wa kechapu. Yule wa kiume. Yaani kechapu ya kiume."

"Nimekujua, bwana."

"Nataka uniambie nimekosea."

"Hujakosea."

"Hilo najua. Ndiyo shida yenyewe." Alivuta pumzi. "Kama nimeshindwa, nina kreti ya kubeba. Nikiwa na kreti begani naweza kwenda kwa Ludolf. Nisiposhindwa sina cha kubeba. Niende mikono mitupu, nibonyeze kengele, nisemeje?"

"Useme umemkumbuka."

Simu ikakwaruza, ikahamia sikio lingine.

"Bibi, samahani kukuuliza. Wewe si mtu wa huku?"

"Ni wa huku. Nimezaliwa Elze."

"Basi unajua haiwezekani."

Gesine alijua. Elze hakuna mtu aliyewahi kusimama mlangoni kwa mwenzake na kusema jambo kama hilo. Watu walikuja kurudisha ngazi. Walikuja kusema mfereji wa maji umejaa majani. Baba yake alimpenda kaka yake maisha yote kwa njia ya kuazimana msumeno.

"Siruhusiwi kusema umekosea, bwana, wakati hujakosea."

"Naelewa. Kila kazi ina sheria zake." Kisha akauliza, kwa sauti nyepesi ya mtu anayeanza mazungumzo, "Hebu niambie basi, hiyo kechapu ni ya mlango gani?"

"Yote mawili, bwana."

"Alaa. Na Ludolf anasema upi?"

Gesine alidhani ni mzaha. Wazee wale walikuwa na mizaha mikavu kama biskuti za mwaka jana. Taa ya kijani ilikuwa ikipepesa, mtu mwingine anangoja. Akasema kwa heri, siku njema, na Ecki akasema siku njema nawe, salamu nyumbani, kama vile anapajua nyumbani kwake.

Ilikuwa baada ya kabichi za baridi kuisha sokoni ndipo Ludolf alipopiga. Hakukaza nati safari hii. Alisema kama mtu anayejaribu bomba la zamani, akiogopa litapasuka.

"Bibi. Naitwa Ahrbecker."

"Jina si lazima, bwana."

"Najua si lazima. Nimelisema." Akakohoa, kikohozi cha kutafuta muda. "Lile suala la kechapu. Nimefikiri. Naona huenda ulikosea kunipa haki."

"Sikukupa haki peke yako. Niliwapa wote wawili."

"Ndiyo, hapo ndipo ulipokosea. Mpe mmoja. Mpe yeye. Niambie mimi nilikosea, nikate simu, nikanunue kreti."

Gesine alikamata ukingo wa meza. Maneno yalimjaa mdomoni: bwana, mwenzako amepiga, ameomba hili hili, ungeenda tu ungemkuta anakungoja. Lakini mpigaji wa Jumanne alikuwa siri ya Jumanne. Gesine alikuwa ameweka sahihi yake chini ya sheria ile, na miaka yote hakuwahi kuivunja, hata mama yake mzazi alipotaka kujua ni nani huko Elze aliyepiga kuuliza tusi linaandikwaje.

"Bwana, rafiki yako..."

"Rafiki yangu nini?"

"Hakuna kitu."

"Umesema rafiki yako."

"Nimetaka kusema, labda rafiki yako hahitaji kreti."

"Kila mtu anahitaji kreti," Ludolf alisema. "Haya. Nilidhani nikikuomba vizuri." Akakata.

Saa ya chakula Gesine alimkuta Daktari Asendorf akimenya tufaha kwa kisu kidogo, ganda moja refu lisilokatika.

"Mpigaji akiomba aambiwe amekosea," Gesine aliuliza, "tunafanyaje?"

"Kakosea?"

"Hapana."

"Basi jibu unalo."

"Lakini lingemsaidia."

Ganda likakatika. Asendorf akalitazama kwa huzuni kidogo. "Gesine, siku tutakapoanza kuwaambia watu yanayowasaidia, watapanga foleni kutoka hapa hadi stesheni. Na wengi wao watataka kusikia kwamba mkwe wao ni mjinga. Hatuna watu wa kutosha." Akampa kipande cha tufaha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa sahihi pia, na Gesine alilila lile tufaha amesimama, bila ladha.

Alhamisi Ludolf alipiga tena. Gesine aliusikia mlango wa baa ukilia, na viatu vya mbao, na hakuna kingine. Alikuwa ameketi mezani peke yake.

"Bibi, nimeambiwa na Mareike hapa, huyu wa vinywaji, kwamba Ecki, binti yake amempeleka Alfeld, kwenye nyumba ya wazee. Alibandika sufuria akatoka kwenda kununua mkate, akaenda kwenye duka lililofungwa miaka kumi iliyopita. Akakaa mbele yake akingoja lifunguliwe." Ludolf akasukuma glasi mbali. "Anasahau, bibi. Tangu lini anasahau? Sisi tulikuwa tumekaa hapa hapa. Mimi nilikuwa nabishana tu, sikuwa naangalia."

Gesine aliikumbuka sauti ile nyepesi: hebu niambie basi, ni ya mlango gani. Alikuwa ameiambia siku njema kwa sababu ya taa.

"Huendi kumwona?" aliuliza.

"Na kreti ya nini? Atanifungulia, atasema umekuja kufanya nini, nitasema nini?"

Taa ya kijani ilipepesa. Gesine aligeuza kiti, akaipa mgongo. Mlango wa Asendorf ulikuwa wazi na kikombe chake kilikuwa kikigonga sahani.

"Ulikosea," alisema, kwa sauti ya chini.

"Sijasikia."

"Kechapu ni ya mlango wa kiume. Nimeangalia upya. Ulikosea, bwana Ahrbecker."

Upande wa pili mtu alitoa pumzi ndefu, kama bomba lililofunguliwa baada ya baridi kali, hewa kwanza, maji baadaye.

"Maisha yote nimeila kwa makosa," alisema.

"Ndiyo."

"Nitanunua ile bia chungu. Yeye anapenda ile chungu." Kisha akaita, "Mareike, hesabu yangu," na Gesine akakata yeye mwenyewe.

Kikombe cha Asendorf kiliendelea kugonga sahani. Ama hakusikia, ama alisikia akakataa kuamua.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Gesine aliota mara moja kreti inapanda ngazi peke yake. Alhamisi alikuja na mkate wake wa jibini, akausahau kwenye karatasi. Ilipopepesa taa alijua.

"Bibi, niko Alfeld," Ludolf alisema. Alikuwa anahema bado. "Kutoka stesheni kuna mlima. Hakuna aliyeniambia kuna mlima."

"Ulipumzika njiani?"

"Aliyeshindwa hapumziki. Kondakta wa treni alitaka kunibebea, nikamwambia aguse aone." Akashusha sauti, na Gesine akasikia kwamba ameziba simu kwa kiganja. "Nimeishusha mlangoni kwake kama inavyotakiwa. Nikamwambia, Ecki, nilikosea mimi, umeshinda wewe. Akaniuliza, nimeshinda nini? Nikamwambia kechapu. Akaitazama kreti, akanitazama mimi, akasema kechapu ni ya mlango wa kati."

"Wa kati?"

"Wa kati, bibi. Neno langu. Amelichukua neno langu, na mimi nimepanda mlima kwa ajili ya lake."

Nyuma ya Ludolf redio ilikuwa inaimba na mtu alikuwa anasukuma kigari cha vyombo.

"Nani huyo kwenye simu?" sauti ya chini iliuliza, ile inayokuja ya mwisho.

"Ni bibi wa lugha, Ecki."

"Mwambie tumeshajua kusema."

"Anataka kukusalimia."

"Lete hapa." Simu ikasugua kitambaa. "Bibi, shikamoo na samahani. Kuna mtu hapa amekuja na bia, mtu mzuri tu, lakini anasema kechapu ni ya kiume. Nani kamfundisha? Mwambie."

"Nimwambie nini, bwana?"

"Kwamba ni ya kati. Mwambie asikie."

Gesine alifumba macho. Akisema ni ya kiume, mzee yule ameshindwa, naye mlango wa nyumba aliyomo haufunguki kutoka ndani. Kreti yake ataibeba wapi? Akisema yote mawili, hakuna aliyeshindwa, na wataanza kule walikoishia. Akisema ni ya kati, Ludolf atajua alidanganywa. Milango mitatu, na yeye amesimama barazani na mabegi.

"Uko sahihi, bwana," alisema. "Ni ya kati."

"Umesikia?" Ecki alisema, si kwake. "Nimeshinda. Kreti iko wapi?"

"Hiyo hapo miguuni pako," Ludolf alisema.

"Alaa. Umewahi kuileta."

Simu ilirudi kwa Ludolf. Gesine alisikia chupa ikifunguliwa kwa ukingo wa nyingine, na sauti ya muuguzi kutoka mbali, "Moja tu, bwana Pagel, moja tu," na Ecki akijibu kwamba yeye tangu azaliwe hakuwahi kunywa zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

"Bibi," Ludolf alisema mwishowe. "Alhamisi ile ulisema ya kiume."

"Ndiyo."

"Na leo ya kati."

"Ndiyo, bwana."

"Kwa hiyo mimi nimekosea siku zote mbili."

Gesine alitafuta jibu la kazini, lile refu lenye wapo wanaosema hivi na wapo wanaosema vile. Halikuja.

"Ndiyo," alisema.

"Vizuri." Alilisema taratibu, akilipima. "Na Alhamisi ijayo tukipiga?"

"Sijui, bwana. Kwa kweli sijui nitasema nini."

"Mimi pia sijui ataniuliza nini."

Hakukata. Aliiweka simu mahali, mezani pengine, uso juu, kama walivyoiweka siku zote. Redio iliendelea. Taa ya kijani ilianza kupepesa kwenye meza ya Gesine, mtu mwingine na neno lingine, na mkono wake ulienda kwenye kitufe ukakaa juu yake bila kukibonyeza.

"We mzee," Ecki alisema huko Alfeld, kwa upole, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni. "Kwani wewe ni nani hasa?"

Ludolf akaiweka chupa chini.

"Mimi ndiye niliyeshindwa."

"Basi kaa," Ecki alisema. "Aliyeshindwa hanywi amesimama."

Kiti kikavutwa.